Lori lililowaka taa na swichi kuu imezimwa

Taniboi ndiye aliyeliona kwanza. Alfajiri, kabla ya kupakia chumvi huko Marereni, alipanda kebini, akatia ufunguo na kuuzungusha kidogo. Taa za dashibodi zikawaka. Hakushangaa, ashangae nini? Akazungusha zaidi ili injini ianze kupata moto. Stata ikaguna mara moja kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake, halafu moshi ukaanza kufuka chini ya kiti cha dereva na harufu ya plastiki ikajaa kebini. Akaruka chini. Mbio akazunguka kwenda kuzima swichi kuu ya betri, akakuta imezimwa. Ilizimwa tangu jana yake usiku, kama kampuni inavyotaka kwa kila gari linalolala yadi.

Dereva akanipigia simu.

"Fundi, gari hili lina jini."

"Mzee, jini haunguzi plastiki. Umefunga nini siku hizi?"

Kimya. Halafu, kwa sauti ya chini: "Karedio tu, mwanangu."

Mimi ni fundi waya hapa Malindi, na nimeshazoea kwamba maneno "karedio tu" yana siku mbili za kazi ndani yake. Nikamwambia asiwashe chochote, afungue vichwa vya betri, anisubiri.

Lori lenyewe ni la Kijapani, la kawaida katika njia hii, volti 24. Kampuni yake siitaji, wala haina kosa katika kisa hiki. Redio ilikuwa ya mawimbi ya megahezi 27, ile ambayo madereva wa malori Marekani wanaiita CB, ila hii ilikuwa ya aina iliyoongezwa nguvu. Kule kwao sheria inaruhusu wati 4 tu kwa AM na 12 kwa saidibendi, ambazo ni namna mbili za kurusha sauti, chaneli 40, na vikuza nguvu vimepigwa marufuku. Hii ilikuwa na maandishi ya wati 100. Mzee aliinunua mitumba Mombasa, na sababu aliyokuwa nayo si ya kuchekwa. Yeye na wenzake wawili hupeleka mzigo hadi Mokowe, upande wa Lamu, na ukishapita Minjila kuelekea Witu na Nyongoro, simu inashika hapa na kupotea pale. Ile ndiyo njia ambayo mabasi yamesafiri kwa misafara yenye polisi. Mtu akipasukiwa na tairi huko anataka mwenzake aliye mbele ajue.

Basi akajifunza kufunga redio kwa video ya dereva wa Marekani. Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, kwa sababu yule Mmarekani hakukosea hata neno. Alisema usichukue umeme kwenye soketi ya sigara, maana nyaya zake ni nyembamba na fyuzi yake ni ndogo. Alisema peleka nyaya mbili, chanya na hasi, moja kwa moja hadi kwenye betri. Ushauri mzuri kabisa, kwa lori la Marekani. Malori makubwa ya kule hutumia volti 12: betri tatu au nne zimefungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na popote utakapogusa ni 12. Malori yetu, ya Kijapani na ya Kizungu, yana betri mbili zilizofuatana, hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine, jumla 24. Redio ya volti 12 haina mahali pake pale.

Mzee si mjinga. Alishika mita, akapima betri zote mbili pamoja akapata 25, akapima moja peke yake akapata 12 na nusu. Akafurahi. Chanya ya redio akaifunga kwenye kiungo cha katikati ya betri mbili, hasi akaifunga kwenye kichwa cha hasi cha betri ya chini, ile ambayo hasi yake huenda kwenye chasisi. Redio ikawaka, na jioni ya kwanza akasikia watu wanaongea Kitaliano.

Kwa mtu wa Malindi, Kitaliano redioni hakimshtui. Alidhani ni jirani. Lakini megahezi 27 zina tabia hii: siku ambazo anga ya juu imechangamshwa na jua, mawimbi yanagonga tabaka la juu yanarudi chini maelfu ya kilomita mbali. Alikuwa anawasikia Waitaliano walio kwao. Mzee akachukulia kwamba kama Italia inasikika, basi Garsen ni hapo tu, na mimi nilitumia robo saa kumweleza kwamba wimbi linaloruka hadi Ulaya linaipita Garsen juu kwa juu. Yeye kwao ni Ngomeni. Akanijibu kwamba baba yake aliona roketi zikiruka kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, na mwaka 1970 ile setilaiti iliyoitwa Uhuru iliondoka pale pale, "na wewe waniambia redio haifiki Garsen?" Sikuwa na jibu.

Turudi kwenye moshi.

Nilianza na swali la taniboi: taa zilipata wapi umeme ikiwa swichi kuu imezimwa? Swichi ile imekaa kwenye njia ya hasi, kati ya betri na chasisi. Ukiizima, chasisi yote inatengwa na betri. Nikarudisha vichwa vya betri, nikaacha swichi imezimwa, nikaweka mita kwenye miguu miwili ya swichi, nikamwambia taniboi awashe ufunguo hatua ya kwanza tu. Kama njia imekatika kweli, mita inapaswa kuonyesha karibu volti 25. Ilionyesha kama sifuri. Maana yake kuna njia nyingine ya panya inayounganisha chasisi na hasi ya betri, na umeme unapita huko.

Nikachomoa waya wa antena nyuma ya redio. Bado sifuri. Hapo ningeweza kudanganyika nikaiacha redio na kwenda kutafuta kwingine. Lakini redio ilikuwa bado imeshikwa kwa skrubu kwenye chuma cha kebini. Nikafungua skrubu nne, nikaishika mkononi: mita ikaruka hadi 25, taa za dashibodi zikazimika.

Redio nyingi za gari huwa hasi yake imeungana na bodi la nje. Bodi likigusa chuma cha gari kupitia kishikio, au likiungana nacho kupitia ganda la waya wa antena, redio inakuwa daraja. Waya wa hasi wa mzee ulikwenda moja kwa moja kwenye betri, ukaipita swichi kuu. Kwa hiyo swichi ikizimwa, lori zima lilikuwa linarudisha umeme wake betrini kupitia waya mmoja mwembamba wa redio. Taa za dashibodi ni mzigo mdogo, waya ukazibeba bila kulalamika. Stata ni jambo jingine. Stata ya lori hutaka mamia ya ampea. Waya ule ulikuwa wa milimita mraba 1.5, unaofaa ampea kumi na kitu. Ndiyo maana stata iliguna tu: waya ulikuwa unajitahidi kuilisha huku unajigeuza hita.

"Lakini fyuzi nimeweka!" mzee akasema, na kweli alikuwa ameweka ya ampea 20, kwenye waya mwekundu. Fyuzi ile ilikuwa nzima, inang'aa. Umeme wa stata haukupita kwenye waya mwekundu hata kidogo. Ulitoka betrini kwa njia yake ya kawaida, ukapita statani, injini, chasisi, bodi la redio, ukarudi kwa waya mweusi ambao haukuwa na fyuzi yoyote. Watu hubishana kwa nini baadhi ya redio huja na fyuzi mbili, moja kwenye kila waya. Hii ndiyo sababu. Nilipofungua redio nilikuta njia ya shaba kwenye ubao wake wa ndani imenyanyuka kama ganda la kidonda.

Kosa hilo peke yake lingetosha kwa kisa, lakini lori lilikuwa na mengine, na moja lilikuwa linaila kampuni pesa kimyakimya.

Niliwasha injini na kupima betri moja moja. Jumla ilikuwa 27.8, sawasawa kabisa, altaneta inayochaji betri haina tatizo. Iligawanyika vibaya: betri ya juu 14.9, ya chini 12.9. Altaneta inaangalia jumla tu, haijui kilichoko ndani. Redio, chaja ya simu na feni ndogo, vyote mzee alikuwa amevitundika kwenye betri ya chini, na ile haikupata kujaa hata siku moja. Ya juu, ambayo hakuna anayeigusa, ilikuwa inalishwa kupita kiasi na kuchemka. Maji yake yalikuwa yameshuka chini ya bati zake za ndani. Ya chini ilikuwa inakufa kwa njaa na ya juu kwa shibe. Mzee akaniambia kwamba betri zile zilikuwa na miezi minne tu, na kwamba meneja wa magari alikuwa ameshagombana na aliyemuuzia. Nikamwonea huruma muuza betri ambaye sikuwahi kumwona.

Sasa ile shida aliyokuwa akiilalamikia yeye mwenyewe kabla ya moshi: akibonyeza maiki, sauti inakatika na taa ya redio inafifia. Alidhani redio ni mbovu. Nilipima nyuma ya redio: volti 12.5 ikiwa imetulia, 9.9 akibonyeza na kusema kwa nguvu. Klampu, mita inayobana waya, ilisoma ampea 17. Hesabu ni rahisi. Betri za lori lile ziko nyuma ya kebini, waya ulizunguka mita 6 kwenda na 6 kurudi, mita 12 za milimita 1.5. Shaba ya urefu huo ina ukinzani wa karibu omu 0.14. Zidisha kwa ampea 17, unapata karibu volti 2.4 zinazopotelea njiani. Redio iliyotengenezewa 13.8 inapewa 9.9 halafu inaambiwa ipige wati 100. Na hiyo ni kama waya ni shaba safi. Nyaya za bei nafuu ambazo ni alumini iliyopakwa shaba nje, zinapoteza zaidi kwa unene uleule. Ukikwangua kwa kisu ukaona nyeupe chini ya wekundu, irudishe dukani.

Katika hizo mita sita, waya mwekundu ulipita juu ya pembe ya chuma karibu na tangi la dizeli, na ngozi yake ilikuwa imeanza kulika. Fyuzi ya mzee ilikuwa upande wa redio. Kutoka betrini hadi kwenye fyuzi hiyo hapakuwa na ulinzi wowote. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo inakaa waya unapoanzia, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Sikumwambia mengi hapo. Nilimwonyesha pale palipolika, naye akapatazama muda mrefu.

Meneja wa magari alifika adhuhuri, na alikuja na hasira ya kitu kingine kabisa. Wiki tatu mfululizo traka ya lori lile, kile kifaa kinachoonyesha gari liko wapi, ilikuwa inatuma ujumbe kwamba umeme wake umekatwa, dakika moja, mbili, kisha unarudi, na mara zote ni mahali pasipo watu. Kwa meneja, traka inayozimika porini ina maana moja: dizeli inafyonzwa. Mzee alikuwa karibu kuitwa ofisini kwa barua. Mimi nikaomba saa za ujumbe huo. Zilikuwa ni saa ambazo mzee alikuwa akiongea na wenzake.

Antena ndiyo iliyofanya hivyo. Aliifunga kwenye mkono wa kioo cha pembeni, juu ya rangi, na chini ya rangi kulikuwa na kutu ya chumvi. Antena ya aina ile inahitaji chuma cha gari kama mwenzake. Bila hicho inatafuta mwenzake popote, na ilimpata kwenye ganda la waya wake wenyewe, uliopanda nguzo ya mlango ukiwa umefungwa pamoja na nyaya za traka. Kila akibonyeza maiki, traka ilikuwa inaogeshwa mawimbi hadi inajizima na kuanza upya. Mita ya SWR, ile inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi badala ya kutoka, ilisoma zaidi ya 3. Kwa 3 tu, robo nzima ya nguvu inarudi. Kati ya wati zake 100, 25 na zaidi zilikuwa zinarudi redioni badala ya kutoka.

Nilikwangua mkono wa kioo hadi chuma cheupe, nikafunga utepe wa nyaya zilizosukwa kutoka mlangoni hadi kebini, nikapaka grisi juu ili chumvi isirudi haraka, na waya wa antena nikaupitishia upande mwingine mbali na traka. Mita ikashuka hadi 1.4. Katika hali hiyo kinachorudi hakifiki wati 3 katika 100. Kazi ya nusu saa, msasa na utepe. Hata waya mmoja mkubwa sikuwa nimegusa bado.

Hapo ndipo nilipowaambia wote wawili jambo ambalo mzee hakulipenda. Kutoka wati 4 kwenda 100 ni mara 25, inasikika nyingi. Kwenye sikio la anayepokea ni desibeli 14, kipimo cha kulinganisha nguvu, na alama moja ya mita ya redio ni desibeli 6. Kwa hiyo wati zote zile za ziada, pamoja na ampea 17, betri mbili zilizokufa na moshi wa alfajiri, zinamnunulia alama mbili na kidogo. Mwenzake aliyekuwa hamsikii kabisa pengine atamsikia. Aliyekuwa anamsikia, atamsikia kwa nguvu kidogo. Antena iliyofungwa sawa inasaidia kwenda na kurudi, kwa sababu inapokea pia. Wati hazipokei.

Meneja hakusumbuka na desibeli. Maswali yake yalikuwa matatu: nani aliruhusu, nani ametoboa, na hii redio ina karatasi? La kwanza na la pili jibu lilikuwa moja na mzee aliinamisha kichwa. La tatu ndilo zito. Hapa kwetu chombo cha kurusha mawimbi kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano: chombo kiwe kimeidhinishwa na anayekitumia awe na leseni. Redio iliyoongezewa nguvu kutoka mitumba haina hata kimoja, na lori likisimamishwa nayo, jina litakaloandikwa ni la kampuni. Kuna na spidi gavana: lori la biashara linatakiwa lisivuke kilomita 80 kwa saa, na kifaa kile kikianza kuchezewa na mawimbi kama traka ilivyochezewa, maelezo ya kumpa afisa barabarani hayapo.

Mimi nilidhani atamfukuza palepale. Badala yake akaniuliza, kama redio zingekuwa halali, umeme wake ungetoka wapi bila kuua betri? Nikamweleza, akaniambia nifunge huo umeme, redio ibaki nje.

Nilichofunga ni hiki. Chanya kutoka juu kabisa ya betri mbili, volti 24 kamili, ili zote mbili zifanye kazi sawa. Fyuzi ya ampea 20 sentimita ishirini kutoka kwenye kichwa cha betri. Waya wa milimita 6 ndani ya bomba la plastiki, mbali na tangi. Hasi inatoka kwenye chasisi, upande wa ndani wa swichi kuu, ili swichi ikizimwa kila kitu kife kweli. Konvata ya 24 kwenda 12 chini ya kiti, na kutoka hapo nyaya fupi, chini ya mita moja. Umeme husafiri safari ndefu ukiwa na volti nyingi na ampea chache: redio ikitaka ampea 20 kwa 13.8, upande wa betri ni kama 13 na nusu tu, na kinachopotea njiani hakizidi nusu volti, ambayo konvata inairekebisha yenyewe. Konvata iliandikwa ampea 30. Nimeihesabu 20. Lebo ya konvata ni kama bei ya kwanza ya muuza maembe.

Kuna watu hupenda konvata za zamani zinazopunguza volti kwa kupata joto, kwa sababu hazina kelele redioni. Ni kweli hazina, lakini kwa ampea 20 itabidi zitoe joto la wati 260 na zaidi chini ya kiti cha mtu, hapa Malindi, mwezi wa Februari. Niliyofunga ni ya kisasa, na nilipoijaribu na redio ya wati 4 ya kupimia ilitoa kelele kweli. Vikunjo sita vya waya kwenye pete ya feraiti, na kelele ikabaki ndogo kuliko ya injini.

Betri zote mbili zilibadilishwa pamoja. Meneja alitaka kubadilisha ile iliyokufa tu. Nikamwambia akioanisha kijana na mzee, mwezi ujao nitamwona tena. Mashimo ya skrubu nikayaziba. Ruhusa ya konvata iliandikwa na kuwekwa kwenye faili ya gari, na redio ikaingia katoni, mzee akaondoka nayo kwapani.

Wiki sita baadaye alipita nikapima: 13.9 na 13.8. Kwenye konvata alikuwa amefunga friji ndogo ya maji, na traka haikuwa imelalamika hata mara moja. Aliniambia anashughulikia karatasi. Sikumwuliza amefika wapi nazo.

Safari hiyo alikuwa na mmoja wa wale wenzake wawili, na lori lake limesimama nyuma. Niliona antena kwenye kioo chake, imefungwa juu ya rangi.

"Kaka, na wewe uliitazama ile video?"

Akacheka. Nikamwuliza, swichi kuu ikizimwa, ukitia ufunguo, taa za dashibodi zinawaka? Akasema hajawahi kujaribu. Tukaenda sote watatu, akazima swichi kwa mkono wake, akapanda kebini, akazungusha ufunguo hatua moja.

Zikawaka.